Kompyuta ya mishahara haimjui mwalimu, inalijua faili lake

Misiera, Nakivale

KWA zaidi ya miaka 10 sasa serikali za eneo letu zimekuwa zikinunua mifumo ya kompyuta ya kusimamia watumishi na mishahara, kisha zikiiacha na kutafuta mingine. Uganda imetoka kwenye mfumo uliojulikana kama IPPS na kwenda kwenye mwingine uitwao HCM. Tanzania imeachana na Lawson na kujenga mfumo wake. Kongo imevunja idara nzima iliyokuwa ikilipa walimu na kuunda nyingine. Kila mara sababu inayotangazwa ni moja: kumwondoa mtumishi hewa.

Hakuna mtu mwenye akili timamu anayeweza kumtetea mtumishi hewa. Fedha anazolipwa ni dawa iliyokosekana zahanati na dawati lililokosekana darasani. Lakini kuna swali ambalo wanaochagua mifumo hii huliweka mwisho, au hawaliulizi kabisa. Mfumo ukikosea kumtambua mtumishi wa kweli, nani anaweza kulisahihisha kosa hilo, yuko wapi, na itachukua siku ngapi? Kwa sisi tuliosomea ukimbizini na kurudi nyumbani, na kwa wafanyabiashara wa mpakani wanaotukopesha sukari na sabuni hadi mwisho wa mwezi, swali hilo ndilo linaloamua kama mfumo ni mzuri au mbaya.

Tuanze na kueleza kitu chenyewe. Mfumo wa utumishi na mishahara ni daftari kubwa ndani ya kompyuta. Humo mna jina la mtumishi, tarehe yake ya kuzaliwa, namba ya kitambulisho, cheo, kituo cha kazi, tarehe ya kuajiriwa, vyeti na akaunti ya benki. Kila mwezi daftari hilo hutoa orodha ya malipo. Likiambiwa mwalimu amehama, linamhamisha. Likiambiwa amefariki, linasimamisha mshahara. Likiambiwa amefika miaka 60, linamstaafisha. Lisipoambiwa, haliwezi kujua. Na likiambiwa uongo, litalipa uongo huo kwa uaminifu mkubwa.

Uganda: Pengo kati ya mifumo miwili

Uganda ilianza kuingiza IPPS mwaka 2011, chini ya Wizara ya Utumishi wa Umma, kwa msaada wa Benki ya Dunia. Kabla ya hapo mishahara ya nchi nzima ilikuwa ikishughulikiwa Kampala. Mwalimu wa Isingiro aliyekosa mshahara alilazimika kufunga safari hadi makao makuu na bahasha yake mkononi, na wapo waliofunga safari hiyo zaidi ya mara moja.

Mfumo ulipokuja, mambo kadhaa yalibaki yale yale. Wilaya nyingi hazikuwa na umeme wa uhakika wala mtandao, kwa hiyo ofisa utumishi alibeba karatasi zake kwenda mahali penye mtandao ili kuingiza taarifa. Jambo la pili lilikuwa zito zaidi. IPPS iliandaa orodha ya mishahara, lakini fedha zenyewe zilitoka kupitia mfumo mwingine, IFMS, ulio chini ya Wizara ya Fedha. Taarifa za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu zilirudia kueleza kwamba kilichoandikwa katika mfumo mmoja hakikulingana na kilicholipwa kupitia mwingine. Mahali ambapo orodha inatoka kompyuta moja kwenda nyingine ikipitia mikononi mwa binadamu, hapo ndipo jina linaweza kuongezwa au kufutwa njiani.

Hatua iliyoleta nafuu haikuwa ya kompyuta. Katika mwaka wa fedha 2014/15 serikali ya Uganda ilikabidhi jukumu la kulipa mishahara kwa waajiri wenyewe. Ofisa Mkuu Tawala wa wilaya, CAO kama wanavyomwita, ndiye aliyepaswa kuithibitisha orodha ya watu wake kila mwezi, na orodha hiyo ilitakiwa kubandikwa ukutani ili kila mtu aione. Mwalimu mkuu akisoma orodha ya shule yake na kukuta jina asilolijua, anajua la kufanya. Karatasi ile ya ukutani ilifanya kazi ambayo mashine ya mamilioni haikuiweza, kwa sababu ilisomwa na watu wanaofahamiana.

Miaka ya karibuni Uganda imekuwa ikihamisha wizara na wilaya kwa awamu kutoka IPPS kwenda HCM. Huu ni uamuzi unaoeleweka, kwani mfumo mpya unakusudiwa kushughulikia mambo ambayo ule wa zamani haukuyafanya vizuri: ajira, likizo, mafunzo, vyeo na kustaafu. Lakini kila anayejua kazi hizi atakwambia kuwa mwezi wa kuhama ndio mwezi wa hatari. Faili lililokuwa na kosa dogo, ambalo mfumo wa zamani ulilivumilia, hukataliwa na mfumo mpya. Aliyekuwa akilipwa jana leo hayupo kwenye orodha, ingawa asubuhi alikuwa darasani na chaki mkononi.

Tanzania: Lawson ilikuwapo, na watumishi hewa walikuwapo

Ng'ambo ya mto Kagera kuna somo jingine. Tanzania ilikuwa imetumia mfumo wa Lawson kwa miaka kadhaa kabla ya Machi 2016, wakati Rais John Magufuli alipowaapisha wakuu wa mikoa na kuwapa siku 15 kuwaondoa watumishi hewa katika mikoa yao. Katika muda wa miezi michache waliondolewa zaidi ya 10,000. Mkuu wa mkoa wa Shinyanga, aliyetoa taarifa kwamba mkoani kwake hakuna hata mmoja, alipoteza kazi baada ya uhakiki kuonyesha kwamba wapo 45.

Watu wengi walijiuliza: mfumo wa kisasa ulikuwapo, hawa walikaaje humo? Jibu halina siri. Wapo waliofariki, walioacha kazi na waliostaafu ambao mwajiri hakuwaondoa. Kompyuta haihudhurii mazishi. Ofisa aliyepaswa kuingiza taarifa alisahau, au alikuwa na faida katika kusahau.

Mwaka uliofuata ukaja uhakiki wa vyeti. Aprili 28, 2017, mjini Dodoma, Rais alikabidhiwa taarifa yenye majina ya watumishi 9,932 waliodaiwa kuwa na vyeti vya kughushi. Wakati uhakiki ukiendelea, ajira mpya na upandishaji wa vyeo vilikuwa vimesimamishwa. Kwa maneno mengine, mwalimu mwenye cheti halali na rekodi safi alingoja pamoja na mwenye cheti cha bandia. Hiyo ni gharama, hata kama haiandikwi katika hesabu za mradi.

Mwaka 2021 Tanzania ilianza kutumia mfumo mpya uliojengwa na wataalamu wa ndani. Sababu yake inafaa kuzingatiwa na kila nchi. Unaponunua programu ya kampuni ya nje, unalipia leseni, na kila unapotaka kubadili kitu unamngoja mwenye mali. Aliyejenga nyumba yake mwenyewe anajua bomba limepita wapi. Hata hivyo, nyumba ya kujijengea nayo inahitaji fundi wa kudumu mwenye mshahara wa kumfanya asikimbilie benki.

Kongo: Walimu wasio na namba

Ndugu zetu wa Kongo, ambao hapa Nakivale ni wengi, wanaijua hadithi ya aina nyingine. Huko idara iliyoitwa SECOPE ndiyo iliyohesabu na kulipa walimu. Serikali ilipotangaza elimu ya msingi bila malipo mwaka 2019, wazazi waliacha kuchangia mishahara, na mzigo wote ukaangukia orodha ya serikali. Wakaguzi wa fedha wa serikali walipoifungua orodha hiyo walikuta walimu hewa na hata shule hewa. Wakati huo huo walimu wa kweli, wale wanaoitwa huko N.U., walikuwa wakifundisha bila kulipwa kwa sababu hawajaingizwa kwenye orodha. Mwaka 2021 SECOPE ilibadilishwa kuwa DINACOPE.

Angalieni sura mbili za ugonjwa huo mmoja. Shule isiyokuwapo inalipwa, na mwalimu aliyepo halipwi. Mfumo wowote unaojisifu kwa kuondoa majina bila kueleza umeingiza majina mangapi yaliyokuwa yamesahauliwa umefanya nusu ya kazi.

Nakivale tulihesabiwa kwa vidole

Wakazi wa Nakivale hawahitaji kufundishwa mambo haya, kwa sababu wameyapitia. Mapema mwaka 2018 kulizuka tuhuma kwamba idadi ya wakimbizi nchini Uganda imeongezwa ili kuvuta misaada. Kuanzia Machi hadi Oktoba mwaka huo, Ofisi ya Waziri Mkuu pamoja na UNHCR waliwahakiki wakimbizi wote kwa alama za vidole na mboni za macho. Kutoka watu milioni 1.4 waliokuwa kwenye karatasi, walipatikana karibu milioni 1.1.

Wale 300,000 waliopungua hawakuwa wote watu wa kubuni. Kuna waliokuwa wamerudi makwao, waliojiandikisha mara mbili, na ambao siku ile hawakufika. Jambo la kujifunza ni kwamba katika vituo vya uhakiki palikuwa na meza ya kuwasikiliza wenye matatizo. Mtu aliyekataliwa na mashine alipelekwa kwa binadamu mwenye mamlaka, akaulizwa maswali, akaonyesha alichonacho. Kulikuwa na foleni na kulikuwa na manung'uniko, lakini meza ilikuwapo pale pale kambini. Mifumo mingi ya mishahara haina meza hiyo. Ina namba ya simu ya makao makuu.

Jina lenye tahajia tatu

Sasa nije kwa tuliorudi. Tatizo letu ni kwamba maisha yetu yaliandikwa na makarani wa nchi mbili au tatu, kila mmoja kwa masikio yake. Anayeitwa Ndayisenga nyumbani ameandikwa Ndaisenga shuleni na Ndahisenga kwenye kadi ya chakula. Wengi wetu tuna tarehe ya kuzaliwa ya Januari 1, kwa sababu mzazi alikumbuka mwaka tu na karani alihitaji siku. Kwa Wanyarwanda na Warundi mtoto halazimiki kuchukua jina la baba, lakini fomu ina nafasi ya jina la ukoo na inataka lijazwe. Mkongo ana majina matatu, fomu ina nafasi mbili.

Nilisoma Nakivale na Mbarara, na cheti changu kinatambulika, kimetolewa na Baraza la Mitihani la Uganda. Niliporudi nyumbani na kuajiriwa, herufi moja ya jina langu kwenye cheti haikulingana na kitambulisho kipya. Kwa miaka kadhaa hilo halikumsumbua mtu yeyote. Karani wa wilaya alinijua, alimjua mwalimu wangu mkuu, na aliandika maelezo kwa kalamu pembeni mwa faili. Siku faili lilipoingizwa kwenye kompyuta, maelezo ya pembeni hayakuwa na mahali pa kuingia. Mshahara ulisimama miezi mitano. Hakuna ofisa aliyesema mimi si mwalimu. Kila mmoja alisema ananielewa, kisha akaongeza kwamba mfumo haukubali.

Maneno hayo, "mfumo haukubali", ndiyo ninayotaka wasomaji wayatazame kwa makini. Mfumo haukatai wala haukubali kwa hiari yake. Kuna mtu aliyeamua, siku ya kuuchagua na kuupanga, kwamba nafasi fulani lazima ijazwe na kwamba ofisa wa wilaya asiwe na uwezo wa kuirekebisha. Huenda aliamua hivyo kwa nia njema, akiogopa wizi. Lakini uamuzi huo una mwenyewe, na anaweza kuulizwa.

Mambo hayo yanaugusa pia upande wa mashirika makubwa yanayofanya kazi makambini. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi. Shirika likinunua programu ya ajira iliyopangwa kwamba bila namba ya kitambulisho cha taifa ombi halipokelewi, basi haki iliyotolewa na Bunge imefutwa na kisanduku kimoja kwenye skrini, na hakuna aliyetia sahihi.

Kwa nini mfanyabiashara wa mpakani ajali

Huenda mwenye duka Kikagati, Murongo au Mutukula anasema haya ni mambo ya watumishi. Afungue daftari lake la mikopo. Mteja anayekopa kwa uhakika ni mwalimu, muuguzi na askari, kwa sababu mwisho wa mwezi unajulikana. Mishahara ya wilaya moja ikikwama kwa sababu ya kuhama mfumo, mwenye duka hawezi kumlipa wa jumla Mbarara, na wa jumla naye anapunguza mzigo. Bidhaa zinakaa rafuni, na mwenye mkopo wa benki au wa kikundi anaendelea kudaiwa riba, kwani riba haisubiri kompyuta.

Matajiri nao waliungua

Asije mtu akasema haya ni matatizo ya umaskini wetu. Kanada, ambako jamaa zetu wengi kutoka Nakivale wamepelekwa, ilianzisha mfumo wa mishahara uitwao Phoenix Februari 2016, kwa ajili ya watumishi wa serikali kuu wapatao 290,000. Walitarajia kuokoa dola milioni 70 kila mwaka. Badala yake maelfu kwa maelfu walilipwa pungufu, wengine walizidishiwa, wengine hawakulipwa kabisa, na gharama ya kurekebisha ikafika mabilioni.

Chanzo kimojawapo ni hiki: kabla mfumo haujathibitishwa, waliondolewa wahasibu wa mishahara wapatao 1,200 waliokuwa wametawanyika katika wizara mbalimbali, na kazi yao ikakusanywa katika mji mmoja wa Miramichi. Wale waliojua kwamba mtumishi fulani ana posho ya zamu na mwingine yuko kwenye likizo ya uzazi walikuwa wamekwenda. Kanada ilipoteza karani wa pembeni mwa faili, kama sisi tulivyompoteza, ila yao ilikuwa ghali zaidi.

Nini kifanyike

Nikijumlisha hayo yote, naona mambo manne ya kudai kabla mfumo mwingine haujanunuliwa.

Kwanza, faili lisafishwe kabla ya kuingizwa. Mtumishi aitwe, aonyeshwe kilichoandikwa juu yake, asahihishe na kutia sahihi. Kuhamisha faili chafu kwenda kwenye kompyuta mpya ni kuhamisha uchafu kwa gharama kubwa.

Pili, mfumo wa zamani usizimwe siku ile ile mpya unapowashwa. Iendeshwe yote miwili kwa miezi mitatu au zaidi, orodha zilinganishwe jina kwa jina, na anayepotea alipwe kwa orodha ya zamani wakati suala lake linachunguzwa.

Tatu, awepo ofisa wa wilaya mwenye uwezo wa kusahihisha herufi, tarehe na namba, kwa saini ya watu wawili na kwa kumbukumbu inayoonyesha nani amebadili nini na lini. Hofu ya wizi inajibiwa na kumbukumbu hiyo. Kumnyima ofisa uwezo kabisa kunamhamishia mwizi makao makuu, ambako hakuna anayemjua mwalimu wa Isingiro kwa sura.

Nne, orodha iendelee kubandikwa ukutani, na pamoja na idadi ya walioondolewa itangazwe idadi ya waliorudishwa baada ya kuondolewa kimakosa. Serikali inayotangaza takwimu ya kwanza peke yake inajipongeza kabla mtihani haujasahihishwa.

Kwa wenzangu mliorudi, au mnaojiandaa kurudi, ushauri wangu ni wa vitendo. Kama bado mko Nakivale au Mbarara, nendeni shuleni mlikosoma mkaombe barua ya mwalimu mkuu inayotaja namba yenu katika rejesta ya wanafunzi, maana hapa Misiera na kwingineko rejesta hizo ni za karatasi na mchwa hawana huruma. Kama majina yanatofautiana, pateni hati ya kiapo kwa wakili inayotaja tahajia zote kwamba ni za mtu mmoja. Cheti cha nchi nyingine kipelekwe kwenye baraza la mitihani la nyumbani kilinganishwe mapema, msingoje uhakiki utangazwe. Tunzeni hati za mshahara za kila mwezi, kwani malimbikizo hudaiwa kwa karatasi.

Hayo ni ya kila mmoja wetu. Lakini haifai mwalimu mmoja mmoja abebe mzigo wa mfumo uliochaguliwa na wakubwa. Wabunge wanaopitisha fedha za kununua kompyuta hizi waulize bei, waulize na kampuni, kisha wamwombe mtaalamu aliyesimama mbele yao aeleze hatua kwa hatua jinsi mwalimu mmoja aliyeandikwa vibaya atakavyosahihishwa na kulipwa ndani ya mwezi ule ule. Akishindwa kueleza, fedha zisitoke.